Kompyuta Iliyoganda Ikiwaka: Soma Ilipokwama Kabla ya Kugusa Chochote

Mfumo umepandishwa toleo, kompyuta imejizima na kujiwasha, nembo imetokea, kiduara kimezunguka kidogo, kisha kimya. Kibodi haijibu, kipanya hakisogei. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili: huzima na kuwasha mara kwa mara wakitumaini safari hii itapita, au hutafuta flashi, hufuta diski nzima na kusakinisha upya. La kwanza linaweza kuharibu mfumo wa faili uliokuwa mzima. La pili hufuta ushahidi wote, na tatizo huweza kurudi vilevile na mfumo mpya kwa sababu chanzo kilikuwa kadi ya picha au diski, na hivyo havijabadilika.

Kuganda kuna sura nyingi. Kuwaka kwa kompyuta ni kama mbio za kupokezana vijiti: fimwea ya UEFI (programu iliyo ndani ya bodi ya kompyuta) huamsha vifaa na kuikabidhi GRUB (menyu ya kuwashia); GRUB hupakia kerneli (kiini cha mfumo) na faili la initramfs kwenye RAM; kerneli huamsha draiva (programu za kuendesha vifaa) na kutafuta patisheni kuu (kipande cha diski chenye mfumo); systemd huanzisha huduma; mwisho GDM au programu nyingine ya aina yake huleta dirisha la kuingilia. Kijiti kikidondoka, mahali kilipodondokea panajulikana, na pakijulikana dawa huwa fupi. Yanayofuata yanahusu zaidi Linux ya jamii ya Ubuntu na Debian. Windows ina sehemu yake huko chini.

Je, imeganda kweli?

Uwashaji wa kwanza baada ya kupandisha toleo huwa mzito. Windows inaweza kukaa kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu huku ikiandika maelfu ya faili. Fedora inaweza kulazimika kupitia upya lebo za usalama (SELinux) za kila faili. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, inaweza kuwa inakagua diski kubwa. Angalia taa ya diski kama ipo, au sikiliza feni. Diski ikiwa inafanya kazi, iache. Kwa diski ya kuzunguka ya zamani, saa moja au mbili si ajabu.

Kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kerneli iko hai na kilichokufa ni picha tu; bonyeza Ctrl+Alt+F3 na huenda ukapata skrini nyeusi yenye maandishi inayokuomba jina na nenosiri. Taa isipobadilika kabisa, ama kerneli imefungwa, ama draiva ya kibodi bado haijaamka. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, jambo linaloonekana zaidi kwenye kibodi ya ndani ya laptopu, kerneli imeanguka na haitarudi.

Ukilazimika kuzima, usikimbilie kitufe cha umeme. Shikilia Alt na SysRq (mara nyingi ndicho kitufe cha Print Screen), kisha bonyeza S, subiri sekunde chache, U, subiri, halafu B. S huandika data iliyobaki kwenye diski, U huzifanya diski zisomeke bila kuandikwa, B huwasha upya. Maelekezo mengi hutaja herufi sita, REISUB, lakini Ubuntu huweka kernel.sysrq kuwa 176, yaani 16 + 32 + 128, ambayo huruhusu hizo tatu za mwisho tu. Usishangae R, E na I zikikaa kimya.

Chomoa pia kila kitu kisichohitajika: flashi, diski za nje, printa, kituo cha kuunganishia laptopu, skrini ya pili. Hatua hii haigharimu chochote na mara kwa mara ndiyo inayomaliza kazi. Kompyuta ikiendelea kukwama kwenye nembo ya mtengenezaji kabla hata ya GRUB kutokea, tatizo liko kwenye fimwea au kwenye vifaa vyenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, angalia kama diski inaonekana na kama mpangilio wa kuwashia bado unaielekea. Kama sasisho la fimwea liliingia pamoja na la mfumo, angalia pia kama hali ya diski (namna fimwea inavyowasiliana nayo) imebadilika kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake. Badiliko hilo peke yake linatosha kumfanya mtu adhani diski imefutika.

Kerneli ya zamani ndiyo kipimo cha kwanza

Upandishaji hauondoi kerneli uliyokuwa unaitumia papo hapo. Kwa kawaida inabaki kando ya ile mpya, na huo ni msaada mkubwa kuliko amri yoyote utakayoandika. Kwenye kompyuta ya UEFI bonyeza Esc mara moja tu baada ya nembo. Kwenye BIOS ya zamani shikilia Shift. Ukibonyeza Esc mara nyingi utatupwa kwenye grub> isiyo na menyu. Andika normal, bonyeza Enter, kisha haraka Esc mara moja, menyu itarudi.

Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha kerneli yenye namba ndogo. Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15 na 24.04 ikatoka na 6.8, kwa hiyo baada ya kupanda kati ya hizo mbili tofauti itaonekana wazi.

Matokeo yana maana mbili, na hapa ndipo njia zinapogawanyika. Ikiwaka vizuri na kerneli ya zamani, basi faili zako, huduma na programu za mezani ni nzima. Kosa liko kwenye kerneli mpya, initramfs yake, au moduli ya draiva iliyotakiwa kujengwa kwa ajili yake. Ikiganda mahali palepale kwa kerneli zote mbili, acha kuisumbua kerneli. Tafuta kwenye fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa), nafasi ya diski, huduma za systemd, dirisha la kuingilia, au afya ya diski.

Sasa fanya iseme. Rudi kwenye menyu ya GRUB, weka alama juu ya kerneli inayoganda, bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, ufute maneno quiet na splash, kisha bonyeza Ctrl+X au F10. Badiliko hili ni la safari hiyo moja, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Kumbuka kwamba ndani ya GRUB kibodi hufuata mpangilio wa Marekani, hata kama yako ni ya Kifaransa au Kijerumani. Badala ya picha utaona mistari mingi ikipita. Inaposimama, piga picha kwa simu.

Tahadhari moja kuhusu kusoma picha hiyo. Mstari wa mwisho haumtaji mkosaji kila mara. Ni ujumbe wa mwisho uliofaulu kuandikwa, na aliyekwama anaweza kuwa anayefuata. Kwa hiyo soma mistari kumi au kumi na mitano ya mwisho kwa pamoja, hasa yenye maneno error, failed, timeout na stuck.

Inakwama kabla ya systemd

Ukiona "Loading initial ramdisk" na hakuna kinachoendelea, au ukipata "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", elekeza macho kwenye initramfs. Hili ni faili lenye draiva za kwanza ambazo kerneli inazihitaji ili kuifikia diski. Ujumbe wa VFS wenye sufuri mbili maana yake kerneli imefika mahali pa kushika patisheni kuu ikiwa mikono mitupu: faili hilo halipo, halikumalizika kuandikwa, au GRUB haikuelekezwa kwalo.

Sababu iliyozoeleka ni /boot kujaa. Waliosakinisha kwa kusimba diski au kwa LVM (mgawanyo wa diski unaobadilishika) mara nyingi wana patisheni ya /boot iliyojitenga yenye mamia machache ya megabaiti, na kila kerneli huja na initrd (ndilo faili lake la initramfs) inayoweza kupita megabaiti 100. Kerneli tatu zikikaa humo, ya nne huandikwa nusu. Washa kwa kerneli ya zamani kisha andika:

df -h /boot
ls -lh /boot

Orodha ya pili huonyesha mengi kuliko watu wanavyodhani. Kama initrd za zamani zina megabaiti 70 na ile mpya ina 12, au haipo kabisa, umempata. Angalia jina la kerneli inayotumika sasa kwa uname -r, usiiguse hiyo, kisha ondoa za zamani zaidi:

sudo apt autoremove --purge

Mara nyingine apt inakataa kwa sababu yenyewe ilikatika katikati na haina nafasi ya kumalizia. Hapo hamisha initrd moja ya kerneli usiyoitumia kwenda /root kwa mv, usiifute, halafu maliza kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Kama initrd ya kerneli mpya haipo kabisa, -u haitaiunda kwa kuwa kazi yake ni kusasisha iliyopo. Tumia sudo update-initramfs -c -k ikifuatwa na namba kamili ya kerneli hiyo. Soma kila mstari unaotoka. Neno "No space left on device" likitokea katikati, yaliyofuata yote hayana thamani hata kama amri imeishia bila kelele.

Ujumbe wa pili wa hatua hii ni "ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!" ukifuatwa na (initramfs). Hapo uko ndani ya ganda dogo la BusyBox. Andika blkid, amri inayoorodhesha patisheni na UUID (namba za utambulisho) zake. Patisheni yako ikionekana kwenye orodha, inawezekana diski ilichelewa tu kuamka: andika exit na safari itaendelea, kisha ongeza rootdelay=10 kwenye mstari wa linux ili uone kama tatizo linakoma. Isipoonekana kabisa, initramfs haina draiva ya diski hiyo, au fimwea imebadilisha hali ya diski kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukiambiwa patisheni inahitaji fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili) ya mkono, andika fsck ikifuatwa na jina la patisheni, kwa mfano fsck /dev/sda2. Lakini soma kwanza sehemu ya diski iliyo chini kabla ya kukubali marekebisho yote.

Kuna pia kuchelewa kunakofanana na kuganda: skrini inakaa takriban nusu dakika kisha inaendelea, ikiwa na maneno "Gave up waiting for suspend/resume device". Initramfs inatafuta patisheni ya swap (akiba ya RAM kwenye diski) iliyoondolewa au iliyoundwa upya na kupata UUID nyingine. Fungua /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, andika RESUME=none kama hutumii kulaza kompyuta kwenye diski, kisha endesha update-initramfs -u.

Kadi ya picha

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoishia, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo. Dalili zake: mistari inapita vizuri, inafika mahali draiva ya picha inapochukua skrini, halafu giza. Au kuna ujumbe unaojirudia wa "watchdog: BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s!" huku jina la nouveau (draiva huria ya kadi za NVIDIA) au nvidia likiwa jirani.

Kipimo chake ni neno moja. Kwenye GRUB, bonyeza e, na mwishoni mwa mstari wa linux ongeza nomodeset. Neno hili huizuia kerneli kubadilisha hali ya skrini kupitia draiva ya kadi, hivyo unabaki na picha ya kawaida ya fimwea. Ikiwaka, umethibitisha kwamba chanzo ni draiva ya picha. Tafadhali usiishie hapo. Wapo wanaoliandika nomodeset moja kwa moja kwenye /etc/default/grub na kuishi na skrini ya ubora mdogo, video zinazokatakata na kichakataji kinachochemka kwa kufanya kazi ya kadi. Ni kipimo, na kipimo kikishatoa jibu huondolewa.

Kwa kadi za NVIDIA, tatizo kubwa ni jinsi moduli inavyojengwa. Draiva ya kampuni inayokuja kwa njia ya DKMS hujengwa upya kwa kila kerneli. Ili ijengwe inahitaji kifurushi cha linux-headers cha kerneli hiyohiyo, na msimbo wake uwe unaielewa kerneli mpya. Kimoja kikikosekana, ujenzi unashindikana, na mara nyingi upandishaji unaendelea bila kukusimamisha. Angalia:

dkms status

Ukiona namba ya kerneli ya zamani tu ikiwa na neno installed, na mpya haipo, sababu iko kwenye faili la make.log chini ya /var/lib/dkms/nvidia, ndani ya folda ya toleo la draiva. Sakinisha headers zinazokosekana, au badilisha draiva iwe mpya zaidi. Njia safi ni kuondoa zote na kuiacha Ubuntu ichague:

sudo apt purge '^nvidia-.*'
sudo ubuntu-drivers install

Aliyewahi kusakinisha draiva kwa faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA aanze na sudo nvidia-uninstall. Faili hilo huweka vitu nje ya ufahamu wa apt, na upandishaji wa toleo huandika juu ya baadhi yake na kuacha mengine. Mchanganyiko huo hauponi kwa kusakinisha draiva nyingine juu yake.

Kadi za zamani zina mwisho wao. Tawi la draiva la 390 ndilo la mwisho kuhudumia kadi za kizazi cha Fermi, na 470 ndilo la mwisho kwa kizazi cha Kepler. Kadi ya aina hizo haitakubali tawi jipya hata ukilisakinisha mara kumi. Kwa Fermi hasa, kwenye kerneli mpya, naona afadhali kubaki na nouveau na kuachana na draiva ya kampuni.

Halafu kuna Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua saini za programu za kuwashia. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyotiwa saini inayoaminika, na kumbukumbu huonyesha "Key was rejected by service". Angalia hali yake kwa mokutil --sb-state. Wakati wa kusakinisha draiva, Ubuntu hukuomba nenosiri la muda, na kompyuta inapowaka tena hutokea skrini ya bluu yenye "Enroll MOK" (kuandikisha ufunguo wako). Wengi huipita kwa kudhani ni hitilafu, na skrini yenyewe haikai sana. Kuirudisha:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Weka nenosiri, washa upya, chagua "Enroll MOK", endelea, liandike nenosiri lilelile. Hakuna haja ya kuzima Secure Boot kwa ajili ya hili.

Kwa Intel na AMD draiva ziko ndani ya kerneli, hivyo DKMS haihusiki. Kinachokosekana huko ni fimwea ya kadi: hakikisha kifurushi cha linux-firmware kimepanda pamoja na vingine. Kwenye Debian vifurushi hivi viko kwenye sehemu ya non-free-firmware iliyoanza na Debian 12, na aliyepanda kutoka toleo la 11 bila kuiongeza kwenye orodha ya vyanzo anabaki na fimwea ya zamani.

Kuhusu vigezo vya GRUB acpi=off na noapic, ambazo bado zinapendekezwa kila mahali: kwenye kompyuta za leo acpi=off inaweza kukata kibodi, padi ya kugusa, feni na viini vyote vya kichakataji isipokuwa kimoja. Ukiwaka kwa njia hiyo umejifunza kidogo sana.

Systemd inasubiri kitu kisichokuja

Mstari wenye vinyota vinavyotembea, "A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...", pamoja na saa inayohesabu hadi 1min 30s, si kuganda. Systemd inasubiri patisheni iliyotajwa kwenye /etc/fstab ambayo haipo. Mtu atauliza upandishaji umehusikaje na diski. Mara nyingi haukuhusika. Kompyuta ilikuwa haijazimwa kwa wiki kadhaa; katika muda huo diski ya nje iliondolewa au swap ikaundwa upya, na upandishaji ndio uliolazimisha uwashaji wa kwanza. Kwa sababu hiyo jiulize pia ulibadilisha nini tangu mara ya mwisho kompyuta ilipowaka vizuri, hata kama hakihusiani na sasisho.

Ikimaliza sekunde 90, itaendelea au itakuingiza kwenye hali ya dharura. Kwenye Ubuntu akaunti ya root imefungwa, hivyo unaweza kuambiwa "Cannot open access to console, the root account is locked" na kuzungushwa palepale. Njia ya kupita: kwenye GRUB bonyeza e, ongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari wa linux, kisha:

mount -o remount,rw /
blkid
nano /etc/fstab

Linganisha UUID za fstab na za blkid. Patisheni ambayo kompyuta inaweza kuishi bila yake, kama ile ya picha na video, iongezee nofail,x-systemd.device-timeout=10s kwenye safu ya nne. Iliyokufa iwekee alama ya # mwanzoni mwa mstari. Andika sync, kisha reboot -f.

Huduma nyingine inayopenda kukawiza ni systemd-networkd-wait-online, ambayo husubiri mtandao hadi dakika mbili. Kompyuta ya mezani inayotumia NetworkManager haiihitaji. Amri sudo systemctl disable systemd-networkd-wait-online.service inatosha.

Ukishindwa kujua ni huduma ipi, tumia kigezo systemd.debug-shell=1 kwenye GRUB. Kompyuta ikishakwama bonyeza Ctrl+Alt+F9, utapata terminali ya root bila nenosiri. Andika systemctl list-jobs. Kazi zenye neno running ndizo zinazowazuia wengine. Kigezo hiki kisiachwe kwenye mipangilio ya kudumu, maana kinamfungulia mlango yeyote aliye mbele ya kibodi.

Inafika kwenye dirisha la kuingilia kisha inaganda

Hapa mfumo uko hai, kwa hiyo Ctrl+Alt+F3 ndiyo njia. Anza na df -h na df -i. Patisheni kuu ikifika asilimia 100, GDM haiwezi kuandika faili zake na utaona giza au utarudishwa kwenye nenosiri bila mwisho. Upandishaji wa toleo hupakua gigabaiti kadhaa, na sudo apt clean peke yake inaweza kurudisha nafasi ya kutosha.

Kisha unda mtumiaji wa majaribio, sudo adduser jaribio, uingie naye. Akiingia vizuri, tatizo liko kwenye mipangilio ya akaunti yako, na mshukiwa mkubwa ni viongezo vya GNOME vilivyoandikwa kwa toleo la zamani. Ukiwa kwenye terminali, ipe folda ya ~/.local/share/gnome-shell/extensions jina lingine na ujaribu tena. Asipoingia, fungua /etc/gdm3/custom.conf, ondoa # mbele ya WaylandEnable=false, kisha sudo systemctl restart gdm3. Ikikubali, umerudi kwenye suala la kadi ya picha.

Hatua yoyote utakayokuwa, kumbukumbu za uwashaji ulioshindikana zinaweza kuwa zimehifadhiwa:

journalctl -b -1 -p err

Namba -1 ni uwashaji uliotangulia, -2 ni wa kabla yake. Amri journalctl --list-boots huonyesha zote. Ukihitaji kujua upandishaji wenyewe ulisema nini, soma /var/log/dist-upgrade/apt-term.log. Na kama uwashaji ulioganda haumo kwenye orodha, hiyo nayo ni habari: ulikwama kabla mfumo haujaweza kuandika kwenye diski, basi rudi kwenye initramfs au kadi ya picha.

Isipowaka kwa njia yoyote

Washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, na kabla ya kurekebisha lolote pima diski:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kifurushi chake ni smartmontools. Kwa NVMe jina la diski ni /dev/nvme0. Kwenye diski za SATA tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Kwenye NVMe tazama Media and Data Integrity Errors. Upandishaji husoma na kuandika maeneo ya diski ambayo yalikuwa hayajaguswa kwa muda mrefu, kwa hiyo diski iliyokuwa inaugua kimya huweza kujitangaza siku hiyo. Pending ikiwa juu ya sufuri, au dmesg (kumbukumbu za kerneli) ikionyesha "I/O error", usiendeshe fsck. Fsck huandika, na kuandika kwenye diski inayokufa kunaweza kuondoka na data iliyokuwa bado inasomeka. Nakili kwanza kwa ddrescue kwenda diski nyingine, kisha rekebisha nakala.

Diski ikiwa nzima, ingia ndani ya mfumo wako kutoka kwenye flashi. Badilisha majina ya patisheni yafuate yale unayoyaona kwa lsblk -f:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Diski iliyosimbwa ifunguliwe kwanza kwa cryptsetup open, kwa jina lilelile lililo kwenye /etc/crypttab. Jina likitofautiana, initramfs utakayoijenga inaweza kukosa maelezo ya kuifungua. Kama /boot imejitenga, ipandishe kabla ya /boot/efi. Ukiwa ndani ya chroot, ule mfuatano wa dpkg, apt, update-initramfs na update-grub hufanya kazi kama kawaida, bila sudo. Kuganda kunakohama mahali, leo hapa kesho pale, bila mpangilio, kunaashiria RAM: endesha Memtest86+ hadi imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Kosa moja tu linatosha kuihukumu.

Kwa Windows

Mantiki ni ileile, zana ni nyingine. Uwashaji ukikatika mara mbili au tatu mfululizo, Windows huingia yenyewe kwenye mazingira ya ukarabati. Kama BitLocker imewashwa utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujaanza. Nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, washa upya, kisha bonyeza 4 kwa hali salama. Ikiwaka humo, mtuhumiwa ni draiva au programu ya mtu wa tatu, na antivirusi za nje ziwe za kwanza kuondolewa. Namba 2 kwenye menyu hiyohiyo huandika orodha ya draiva zilizopakiwa kwenye C:\Windows\ntbtlog.txt.

Isipowaka hata humo, chagua Uninstall Updates. Sasisho la kawaida na sasisho la toleo zima huondolewa kwa vitufe tofauti; la toleo zima lina muda wa siku 10 tu kwa kawaida, na linahitaji folda ya Windows.old iwepo. Likikwama katikati, fungua Command Prompt, hakikisha kwa dir kama Windows iko C: au imehamia herufi nyingine, kisha:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions
sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Baada ya kupona

Zima kabisa, subiri kidogo, washa, na urudie tena. Kuwasha upya bila kukata umeme huacha baadhi ya vifaa katika hali vilivyokuwa nayo, hivyo draiva inayoganda kwenye uwashaji wa baridi inaweza kupita bila shida kwenye uwashaji wa moto.

Kisha fungua /etc/default/grub, weka GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=5, endesha sudo update-grub, ili safari nyingine menyu ikusubiri bila kuiwinda. Kama umelazimika kubaki na kerneli ya zamani wakati draiva ikisubiriwa, izuie mpya isiendelee kuja kwa sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic. Zuio hilo linazuia pia viraka vya usalama vya kerneli, kwa hiyo kila draiva inapotoa toleo jipya jaribu tena kerneli mpya kupitia menyu ya GRUB, na ikiwaka vizuri, ondoa zuio kwa apt-mark unhold na uhakikishe kwa apt-mark showhold kwamba orodha iko tupu.